Faili Moja Tu la Zornitsa

Kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, sisi wanaklabu wa kompyuta hapa mjini Gabrovo tulikimbilia ghorofa ya pili tukiwa bado tunatafuna banitsa, mkate wetu wa jibini. Mwalimu Stanimira alitusimamisha mlangoni tumalize kwanza, kwani makombo na kibodi haviivi chungu kimoja.

Jumamosi moja tulikuwa na mashindano ya mkoa. Programu yetu ya gazeti la shule, tuliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, ilikuwa na folda ndani ya folda, na faili moja la mipangilio katika folda ya juu. Waamuzi wangeiwasha kutoka folda yoyote. Rafiki yangu Zornitsa alipewa kazi ya kuhakikisha inalipata faili hilo popote inapoanzia.

Alhamisi kabla ya mashindano, programu ilifanya kazi kila mahali tulipoiwasha. Tukampigia makofi. Kisha Mwalimu akabadilisha jina la gazeti kwenye faili la folda ya juu na kuiwasha tena kutoka folda ya ndani. Jina la zamani likabaki palepale.

"Makubwa haya!" alisema Mwalimu.

"Nyamaza," nilimnong'oneza Zornitsa, maana siri yake niliijua. "Waamuzi watajuaje?"

Akasimama, masikio yamemwiva. "Mwalimu, nimedanganya. Nilinakili faili nikaliweka katika folda zote kumi na moja za ndani. Wewe umebadilisha lile la juu tu."

Akazifuta nakala zote mbele yetu, siku mbili kabla ya mashindano! Mimi nisingethubutu.

"Kwenye jengo lenu la ghorofa, mkitaka ufunguo wa mlango wa paa mnafanyaje?" Mwalimu akamuuliza.

"Kila mwaka unakaa kwa jirani mwingine. Napanda ghorofa moja moja nikigonga milango."

"Basi ifundishe programu kupanda, binti."

Zornitsa akaandika: tafuta hapa, ukikosa, panda folda moja, tafuta tena. Ikalipata! Kwa uchokozi wangu nikaiwasha kutoka folda iliyo nje ya mradi, ambako faili halipo kabisa. Feni ya kompyuta ikanguruma, programu haikukoma.

"Neli, umeiua!" wenzangu wakapiga kelele.

Zornitsa hakulalamika. Aliiamuru itaje kila folda inayopita, akacheka. "Tazameni! Folda ya juu kabisa ya kompyuta ukiiuliza nani yuko juu yako, inajitaja yenyewe. Inagonga mlango uleule!" Akaongeza sharti: folda ya juu ikiwa ni ileile uliyomo, simama, sema hukupata.

Jumamosi mwamuzi mmoja aliondoa faili la mipangilio la kila timu kwa makusudi. Programu za wengine ziliganda. Yetu ilipanda hadi juu, ikaandika: "Faili halikupatikana." Tukashika nafasi ya kwanza, nami nikalia kwa furaha.

"Njia ya mkato ilikupa nakala kumi na moja zisizoaminika," Mwalimu alimwambia Zornitsa. "Mtu wa kuaminiwa hutafuta mpaka mwisho, na akikosa husema nimekosa. Nawe ulisema."

Kisha akamkabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta.