Usinihesabu, Tarik

Jioni ya mchujo wa chama wa kumpata mgombea urais, ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari mjini Waterloo, Iowa, ulifurika makoti na makelele. Huko wanachama hawatumbukizi karatasi. Kila mtu husimama kwenye kona ya mgombea wake, akahesabiwa, na kona isiyotimiza idadi huvunjwa. Basi hapo majirani hugombaniwa kama abiria wa mwisho. Marit Tollefson, miaka kumi na minane, sweta jekundu na buti zenye theluji, alikuwa na wenzake tisa tu kwenye kona yake.

"Dada, hapo mnachagua rais au mnangoja kupigwa picha ya ukoo?"

Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kijani lililopigwa pasi kwelikweli, na kopo mkononi. Wote wawili walisoma shule hiyohiyo, lakini hawakuwahi hata kusalimiana.

"Ndani mna nini? Hongo?"

"Biskuti za shira za mama yangu. Hongo ni mimi mwenyewe."

Marit alicheka bila kupenda, akavuka ukumbi. Kijana huyo, Tarik Begovac, akaandika kwenye daftari idadi ya kona yake: arobaini na moja. Wiki mbili baadaye walikuwa wapenzi, wakipigiana simu mpaka masikio yanawaka. Ila ile namba haikumtoka Marit kichwani. Mtu mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, utajuaje lini anakupenda na lini anakuhesabu?

Ndoto yao ilikuwa moja: shahada, kisha sheria, kisha kiti cha Bunge la jimbo kwa upande wao wa mji. Aprili barua zikaja. Marit alikubaliwa chuo kikuu cha jimbo, na pia Wexcombe, chuo cha fahari kule Mashariki. Tarik alikwisha kuchagua cha jimbo.

"Nenda Wexcombe, mpenzi," alisema Tarik. "Nafasi kama hiyo haiji mara mbili."

Marit alimtazama. Si huyuhuyu aliyesema mwezi uliopita kwamba Iowa mtu akiondoka miaka minne anarudi mgeni, na mgeni hapigiwi kura?

Rafiki yake Corinne hakuuma maneno. "Shoga, kiti ni kimoja na nyinyi wawili. Huyo anasafisha uwanja. Kikulacho ki nguoni mwako."

Jumapili, jikoni kwa akina Tarik, mama yake akioka pai ya nyama, Marit alilikuta lile daftari mezani, wazi. Orodha ya wanafunzi ambao siku moja wangemfanyia Tarik kampeni. Jina la kwanza lilikuwa lake, nalo limekatwa kwa mistari miwili. Alichukua koti akaondoka bila kuaga. Roho ilimuuma vibaya.

Simu ililia kabla hajafika nyumbani.

"Marit, nisikilize basi."

"Umenikata lini? Kabla ya kuniambia niende, au baada?"

"Nilikukata kwa sababu sitaki uwe kura yangu! Nataka ubaki, nataka mpaka naona haya. Nikaogopa ulimi wangu, nikasema kinyume."

"Hata hicho ni kushawishi, Tarik."

"Basi nifanye nini?"

"Nyamaza. Ukiweza."

Ijumaa ya mwisho wa Aprili, wanafunzi wa mwaka wa mwisho huja na fulana za vyuo walivyochagua, wakasimama makundi makundi kwa ajili ya picha. Ukumbi ulikuwa uleule, kona zilezile. Marit aliingia amefunga koti mpaka shingoni.

"Marit, huku!" "Njoo huku, mama wa sheria!" Kila kona ilimwita. Kona ya chuo cha jimbo ndiyo iliyopiga kelele zaidi, isipokuwa mtu mmoja. Tarik alisimama na kopo lake limefungwa, midomo ameibana, jasho linamtoka. Hakupunga mkono. Akainamisha macho asije akamwita hata kwa macho.

Marit alisimama katikati muda mrefu, akimchunguza. Kisha akafungua vifungo, kimoja kimoja. Fulana ilikuwa ya chuo cha jimbo. Akaenda akasimama kando yake.

Mdomo wa Tarik ulianza kufunguka.

"Usinihesabu."

"Sihesabu. Nauliza tu. Umekuja kwa ajili yangu?"

"Chuo cha sheria kitaangalia alama zangu, si geti nililotokea. Na watu wa hapa watataka kujua nilikuwa wapi." Akamnyang'anya kopo, akalifungua mwenyewe, akachukua biskuti mbili. "Nimekuja kwa ajili ya kiti, Tarik. Wewe nimekukuta hapa."