Moshi Mmoja, Vifua Viwili

Mwezi wa sita kwetu Isansa baridi haina adabu. Mwaka 2006 ilizidi. Kila jioni bibi yake Goodness alitandika mkeka jikoni, karibu na moto.

"Mjukuu wangu ana kifua," alisema. "Alale penye joto."

Goodness alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi aliamka kifua kimembana, kinapiga filimbi. Kaka yake Watson alilala hapohapo, wala hakukohoa.

"Moshi hauna kosa," alisema bibi. "Kifua hiki kimetoka kwa kina Rosemary, huko Tunduma. Kwetu hakipo. Mtoto aende kwa wajomba zake, wao watajua dawa."

Rosemary, mama wa mtoto, alilia. Mumewe Yonasi alimwachia mama yake aamue. Mimi jirani yao iliniuma sana.

"Kabla hamjamfungasha mtoto," nikawaambia, "mwiteni Lusubilo."

Lusubilo alikuwa muuguzi wa zahanati. Alikuja Jumamosi. Aliingia jikoni, akatoka anapangusa machozi.

"Mbona Watson haumwi?" bibi alimuuliza. "Si moshi ni huohuo?"

"Moshi ni huohuo, bibi. Vifua ndivyo tofauti. Mtoto hurithi sura kwa baba na mama. Mapafu pia anarithi. Lakini watoto wa tumbo moja hawarithi sawa. Goodness amepata mapafu yanayoumizwa upesi. Na Watson naye moshi unamdhuru polepole, msijidanganye."

"Kama ni urithi, tufanye nini?" aliuliza Yonasi.

"Urithi hatuwezi kuubadili. Moshi tunaweza kuuondoa. Mapafu ya mtoto bado yanakua mpaka awe mtu mzima. Yakidhurika sasa, huenda yasifikie nguvu yake kamili."

Akatoa kifaa cha kupima pumzi. Unapuliza kwa nguvu, mshale unapanda. Goodness alipuliza, Lusubilo akaandika. Rosemary naye akapuliza. Kisha Yonasi, ambaye hubeba gunia la kahawa peke yake, akakipokea huku anacheka. Mshale ukaishia chini ya alama ya mkewe.

"Kimeharibika hiki!"

Akarudia mara mbili. Wapi! Watson akaangua kicheko.

Lusubilo hakucheka. "Utotoni ulikuwa na kifua?"

"Sikumbuki." Yonasi akamtazama mama yake.

Bibi aliinamisha kichwa. "Ulikuwa nacho, mpaka miaka kumi. Nilificha. Niliogopa watu wakijua hutapata mke."

"Mama! Na mke wangu umemsema muda wote huu?"

"Nisamehe, Rosemary," alisema bibi.

"Hakuna anayechagua cha kurithi," alisema Lusubilo. "Hapa asilaumiwe mtu. Mtoeni mtoto motoni."

Wiki hiyohiyo watoto walihamia nyumba kubwa, wakapewa blanketi zito. Yonasi alitoboa dirisha jikoni, akajenga na bomba la kutolea moshi. Hospitali ya wilaya ilimpa Goodness dawa ya kuvuta kwa mdomo. Habari ya wajomba ikaishia hapo.

Mwaka uliofuata Lusubilo alimpima Goodness tena. Mshale ulipita mbali alama ya zamani. Sasa alikuwa anakimbia na wenzake mpaka shuleni bila kusimama njiani. Yonasi alishangilia mpaka majirani tukatoka nje.

Bibi hakushangilia. Alimshika mwanawe mkono.

"Yonasi, mwanangu, ningejua, na wewe ningekutoa pale motoni."