Nyumba Namba Mbili

Kila alipotoka shule, Nanase alivua viatu mlangoni, akasema "Nimerudi," kisha akakaa peke yake dirishani. Tangu mama yake alazwe hospitali kule Aomori, kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi, aliishi kwa bibi yake mjini Kurashiki, mbali kusini. Darasani hakuwa na rafiki. Akifungua kinywa tu, wenzake waliiga lafudhi yake ya kaskazini wakacheka. Basi akajifunza kunyamaza.

Siku moja bibi alimpa bakuli la boga. "Mpelekee Bibi Kuwabara, mjukuu wangu. Anaumwa, na hana wa kumpikia. Kitalu cha nne, nyumba namba mbili."

Kitalu alikiona upesi, maana kibao kilikuwa nguzoni. Lakini nyumba! Kumi na tisa ilipakana na tano, kisha ikafuata kumi na moja. Alizunguka mpaka mikono ikafa ganzi. Wanawake wawili walikuwa wakifagia, ila aliogopa kuwauliza. Mwishowe akaliacha bakuli kwenye ngazi ya nyumba iliyofungwa, akaondoka.

"Umemkuta?" bibi akauliza.

"Ndiyo. Ameshukuru sana."

Jioni simu ikalia. Bibi alisikiliza, akauliza kuhusu boga, kisha akaiweka simu chini polepole. "Kuwabara anasema hajaona mtu. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani."

Nanase akaangua kilio. "Nimekudanganya, bibi. Sikuiona nyumba. Niliogopa kuuliza, wangenicheka."

Bibi hakumgombeza. Alipakua boga lililobaki. "Haya, rudi. Anzia kituo cha polisi pale kona."

Askari alimwonyesha ramani ukutani. "Hapa namba hazifuati barabara, binti. Zinafuata nyumba ipi ilijengwa kwanza. Namba mbili ni ya zamani, imejificha nyuma ya kumi na tisa."

Bibi Kuwabara alifungua mlango, amejitanda blanketi. Nanase akajieleza na kuomba radhi.

"We mtoto, unaongea kama unatafuna theluji!" mzee akasema. Nanase akainamisha kichwa. "Usinyamaze, bwana! Wiki nzima sijasikia sauti ya mtu humu. Ingia, tule wote."

Aliporudi, bibi yake alikuwa akimsubiri mlangoni. "Kutojua njia si kosa," akasema, "na kuuliza si aibu. Lakini ukisema umefika na hujafika, kuna mtu analala njaa. Kesho unakwenda tena?"

"Nakwenda," Nanase akajibu. "Ameniambia niende nikaongee."