Kilio Kilichokwama Kooni

"Hakulia!" Jirani Enesi alisema kutoka upande wa pili wa ua, makusudi asikike. "Mama mkwe kazikwa juzi, yeye kimya kama mpita njia. Wenzake tulilia mpaka Zambia wakasikia!"

"Shemeji, chunga mdomo," Yesaya alijibu. "Mke wangu hana sauti."

"Hana sauti au hana uchungu? Hata salamu haitikii. Mtaani wanasema anajua kilichomuua bibi."

Mkewe, Restuta, alikuwa jikoni, anasikia yote. Machozi yalimtoka. Kazi yake ilikuwa kunadi mitumba soko la Tunduma, mpakani na Zambia, kwa kupiga kelele kutwa. Sauti ikaanza kukwaruza. Wiki ya nne sasa, alikuwa anatafuna tangawizi mbichi na kuzidi kupaza. Siku ya mazishi alifungua kinywa kumlilia mkwewe, ukatoka upepo tu.

Nesi Tusekile alikuwa amekuja kutoa pole. Akamwita Enesi aje jikoni.

"Shika koo. Sema aaa. Unasikia nini?"

"Panatetemeka."

"Humo mna nyuzi mbili za sauti, laini kama midomo. Pumzi ikipita katikati, zinagongana haraka haraka. Ndiyo sauti. Zikivutika, sauti inakuwa nyembamba. Zikilegea, nzito. Ukisukuma pumzi kwa nguvu, inakuwa kubwa."

"Na za huyu?"

"Kazigonganisha mno, nadhani zimevimba. Hazikutani vizuri. Pumzi inapita bure."

Enesi alitazama chini.

"Tangawizi je?" Restuta alinong'ona kwa kujikamua.

"Haifiki kwenye nyuzi. Na usinong'one hivyo, unazichosha. Nyamaza, kunywa maji, kaa mbali na moshi. Ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, lazima daktari aangalie. Kesho twende hospitali."

Daktari aliona uvimbe uliotokana na kupiga kelele, si ugonjwa mbaya. Yesaya akarekodi sauti yake mwenyewe kwenye kipaza sauti, kikawa kinanadi sokoni badala ya mkewe.

Mwezi wa pili wa kunyamaza, sauti ilirudi, nzito kidogo. Siku hiyo Restuta alikwenda kaburini, akamlilia mkwewe. Hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Aliporudi, alimkuta Enesi amesimama uani, anavutavuta kanga yake.

"Dada, za mchana?" Enesi alisema polepole.

Restuta alichungulia jikoni, Yesaya alikokuwa anasonga ugali.

"Nzuri," aliitikia. "Ugali umeiva. Karibu ndani tule."