Ndiga za Kapu la Pili

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mboni alishuka kijitoni kugeuza ndiga. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu Bibi alipomhamishia kwenye matete ya upande wa Lupiro, mbali na njia iendayo kwenye kivuko cha Mto Kilombero. Ulikuwa mwaka wa njaa, ile njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Askari wa Mjerumani walikuwa wamechoma maghala ya mpunga kijiji baada ya kijiji, na baba yake Mboni walimchukua akabebe mizigo yao. Hakurudi. Walibaki wawili tu, bibi na mjukuu, na chakula chao kilikuwa ndiga.

Sasa, ndiga si kiazi cha kuchezea. Huota porini, kina sumu, na mwenye njaa asiye na subira anaweza kufa nacho mkononi. Bibi alikimenya, akakikata vipande vyembamba, akavitia kwenye kapu na kulizamisha kijitoni kwa mawe, ili maji yanayopita yaitoe ile sumu siku baada ya siku. Kisha alionja kipande kwa ncha ya ulimi. Kikiwasha, kapu lilirudi majini. Kisipowasha, vipande vilianikwa, vikatwangwa, vikasongwa ugali. Sheria ya Bibi ilikuwa moja: hakuna kula kabla hajaonja yeye.

Siku hizo walikuwa na makapu mawili. Ndiga za kapu la kwanza zilikwisha kuonjwa, na sasa zilikuwa zimeanikwa mkekani mbele ya kibanda. Kapu la pili lilikuwa limezamishwa juzi tu.

Mboni alikuwa amepiga magoti majini aliposikia kilio. Watu waliojificha hawalii, na wanaowawinda hawalii pia. Alipenya kwenye matete akamkuta msichana mdogo, labda wa miaka minane, amekaa kwenye tope huku mguu mmoja umevimba. Alikuwa amejifunga kaniki mpya. Watu wa bondeni, mwaka ule, hakuna aliyekuwa na nguo mpya.

"Unaitwa nani?" Mboni alinong'ona.

"Kadija. Nilifuata kuni nikapotea jana. Nimechomwa na mwiba, siwezi kutembea. Mama yuko kambini, kule kivukoni."

Kambini! Mboni alirudi nyuma hatua mbili. Huyu alikuwa mtoto wa askari, wa wale wale waliochoma ghala lao. Alitaka kukimbia, na nani angemlaumu? Lakini Kadija alimtazama akasema, "Dada, nina njaa," na neno hilo Mboni alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo alipokosea. Ndiga salama zilikuwa mkekani, lakini Bibi alizikagua kila mara, na kipande kimoja tu kikipungua angeuliza. Na akiuliza, Mboni angemjibu nini? Kwamba amemlisha mtoto wa adui? Kapu la pili halikuwa na mlinzi. Aligeuza vipande vya juu, akaona vimekuwa vyeupe, akajiambia kuwa siku mbili majini huenda zinatosha. Moyoni alijua hazitoshi. Alichukua konzi moja akampelekea Kadija.

"Kula polepole," alisema. Aliona fahari kidogo, masikini, akimwangalia mwenzake akitafuna.

Jua lilikuwa halijapanda sana aliporudi kumtazama. Kadija alikuwa amelala kifudifudi. Alikuwa ametapika, midomo imevimba, na mikono yake ilikuwa inatetemeka yenyewe.

"Mdomo unawaka," alisema kwa sauti nzito. Kisha akaanza kumwita mama yake, akimtazama Mboni kana kwamba Mboni ndiye mama.

Mboni angeweza kuondoka. Hakuna aliyemwona. Mtoto angekutwa amekufa matetani, na watu wangesema ni njaa, kwa maana njaa ndiyo iliyokuwa inaua kila mtu. Wazo hilo lilimjia, na lilimtisha kuliko fimbo ya Bibi. Alikimbia hadi kibandani.

"Bibi! Nimemlisha mtu ndiga za kapu la pili. Anakufa!"

Bibi aliangusha mchi. "Mtu gani?"

"Mtoto. Msichana. Ametoka kambini."

Bibi alitazama upande ambako kijiji chao kilikuwapo, na uso wake ukawa mgumu hata Mboni akaogopa. Kisha akajifunga nguo yake vizuri kiunoni.

"Kambi haikula ndiga," alisema. "Aliyekula ni mtoto. Nionyeshe alipo."

Walimbeba Kadija hadi kibandani. Bibi alimsukutua kinywa, akamlaza ubavu ili akitapika tena asipaliwe. Alimfunika kwa mkeka maana mwili ulikuwa wa baridi. Mtoto alipotulia kidogo na kuweza kumeza, Bibi alifukua kibuyu kilichokuwa chini ya kitanda. Mlikuwa na mbegu yao ya mpunga, yote waliyobaki nayo.

"Bibi, hiyo ni mbegu!"

"Naijua. Twanga konzi moja. Atahitaji uji mwepesi. Washa moto."

"Mchana? Moshi utaonekana!"

"Washa, Mboni."

Aliwasha. Kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulipanda juu ya matete ukasimama angani. Kadija alikunywa uji kwa tone tone. Bibi alikuwa anamhesabia pumzi kwa kiganja kifuani, na Mboni alikaa akisikiliza njia. Alitamani mtoto apone upesi, alitamani moto uzimike, na hakujua aombe lipi kwanza.

Matete yalivunjika. Askari mmoja alitokea, bunduki mkononi, na nyuma yake mwanamke aliyekuwa analia. Mwanamke alimwona mtoto akapiga kelele, akaruka na kumkumbatia.

"Mmemfanya nini mwanangu?" askari alinguruma. "Nani kamlisha sumu?"

Bibi alisimama mbele ya mjukuu wake. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Niulize mimi."

Mboni angeweza kunyamaza nyuma ya mgongo ule mwembamba, kama alivyonyamaza asubuhi. Lakini alitoka akasimama kando ya Bibi.

"Shikamoo, baba," alisema, maana hakuwa na neno jingine la kuanzia. "Ni mimi. Alikuwa na njaa, nikampa ndiga ambazo hazijatoka sumu. Niliogopa kuomba nzuri. Bibi hakujua. Yeye ndiye anayemponya."

Bunduki haikushuka. Mboni aliutazama ule mdomo mweusi wa mtutu na akafikiri kwamba ndio mwisho.

"Baba Kadija," mwanamke alisema. Alikuwa ameingiza kidole kwenye kibakuli. "Njoo uone. Wamempikia mchele."

Askari alitazama uji, akatazama kibuyu kilichofunguliwa, akatazama mbavu za Bibi. Alielewa. Mtu yeyote aliyezaliwa penye shamba angeelewa.

Kadija alifumbua macho. "Mama," alisema, na safari hii alimtazama mama mwenyewe.

Askari alimbeba binti yake. Kabla ya kuondoka aliusukumia moto mchanga kwa mguu hadi moshi ukafa.

"Moshi huu umeonekana kivukoni," alisema bila kuwatazama. "Wenzangu watauliza. Nitasema ni moto wa wawindaji, lakini si wote watakaoniamini. Hameni sasa hivi."

Mama Kadija alimshika Bibi mikono yote miwili, kisha akamfuata mumewe.

Walihama jua likiwa bado juu, Bibi na mkeka, Mboni na makapu yakichuruzika maji mgongoni. Walipofika kwenye matete mengine, mbali na njia, Bibi aliketi akapumua. Mboni alingoja fimbo. Haikuja.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?" Bibi aliuliza.

"Niliogopa ungekataa."

"Huenda ningekataa. Ningefoka, ningemtaja baba yako, ningelia. Kisha ningemwona yule mtoto kwa macho yangu, kama nilivyomwona leo." Bibi alimvuta karibu. "Mboni, huruma uliyokuwa nayo ni nzuri, usiiache. Lakini asubuhi ulikuwa na ndiga za aina mbili. Ulichagua zile ambazo zisingekuletea wewe matata, ukamwachia yeye matata yote. Siku nyingine ukitaka kumsaidia mtu, anza na shida yake, halafu ndipo ufikirie utakavyogombezwa."

"Ndiyo, Bibi," Mboni alisema, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka.