Mkwe Kando ya Kitanda

Mimi ni Damaris, nesi wa wodi ya wanawake hapa Homa Bay. Kila mwaka naletewa wanafunzi wa udaktari, na kila mwaka wananichosha. Vitabu wamevimaliza. Kumuuliza mgonjwa swali moja tu, wapi!

Jumatatu nilimwacha mwanafunzi mmoja, Angwenyi, na Mama Filister. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Haiponi tena. Kazi yetu iliyobaki ni kumpunguzia maumivu.

Niliporudi, mama alikuwa amegeukia ukuta. Alikataa dawa ya maumivu. Alikataa uji. Alikuwa anauma shuka tu. Nikamuuliza Angwenyi amefanya nini. Akasema amemweleza ugonjwa wote, tena akamfunua ili kumwonyesha mwanawe jinsi ya kumsafisha.

Mwanawe nani? Mama hana mtoto wa kiume. Yule aliyeleta uji ni Matiko, mume wa binti yake, Mkuria wa Kehancha.

Nilimvuta Angwenyi nje.

"Kwenu Kisii, unaweza kusimama hapo mama mkwe wako akifunuliwa?"

"Hapana, sista."

"Kumbe unajua! Na kwa Wajaluo kama mama ni hivyo hivyo. Sasa mama anaona heri aumie kuliko kuguswa na sisi."

Akainamisha kichwa. Nikamweleza tena, na hasira zangu. Kabla hujagusa shuka, muulize mgonjwa aliye naye ni nani kwake. Muulize anataka kujua nini, na nani asikie. Muulize siku zilizobaki anataka kukaa wapi.

Matiko alikuwa amekimbilia getini kwa aibu. Tulimwomba amwite mke wake, Pauline. Alifika kesho yake asubuhi. Angwenyi akavuta pazia, akaketi, akaomba msamaha. Mama akageuka kutoka ukutani. Kisha akasema, "Ongea na Pauline peke yake. Na mnipeleke nyumbani. Sitaki kufia hapa."

Akanywa dawa. Siku hiyo alilala usingizi.

Angwenyi alimfundisha Pauline kupima dawa na saa za kumpa mama. Matiko akaleta gari, akakaa mbele na dereva, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Wiki mbili baadaye Pauline alipiga simu. Mama amekufa kitandani kwake, bila kulia maumivu. Hakunipigia mimi niliyefoka. Alimpigia Angwenyi, akamwambia mama alimtaja kwa jina, na mazishi ni Ijumaa, asikose.