Chaja ya Usman

Haya yalimpata rafiki yangu Fahima wa Kibera, na ninamwamini, kwa sababu tangu siku hiyo analala kwetu Kawangware.

Kakake, Usman, alisombwa na mafuriko ya mto, simu ikiwa mfukoni, na hakupatikana. Nyanya yao, wanayemwita Haboba, hakukubali kwamba amekufa. Chaja ya Usman aliiacha ikining'inia kwa soketi, ili akirudi asihangaike. Kisha akaacha kula.

"Nionyeshe uso wake kwanza," alisema.

Macho ya Haboba hayaoni vitu vidogo. Kwa hivyo jioni moja Fahima alitaka kuunganisha simu yake na TV, picha za Usman zitokee kubwa. Kabla hajamaliza, maandishi yakajitokeza kwenye skrini: Simu ya Usman inaomba kuunganishwa.

"Mama Billy!" Fahima akamwita jirani kupitia ukuta wa mabati. "Ni nyinyi mnaingia kwa TV yetu?"

"Na nini? Sisi tuko na redio tu!"

"Ni nani huyo?" Haboba akauliza. "Kama ni Usman, mfungulie."

Fahima akabonyeza Kubali. Skrini ikawa nyeusi. Maji yakasikika yakibubujika, halafu mtu akivuta pumzi. Kwenye kona, alama ya betri ya simu hiyo, iliyokuwa karibu kuisha, ikaonyesha inachaji.

Fahima akageuka kutazama soketi. Waya wa chaja haukuwa unaning'inia tena. Ulikuwa umeingia chini ya kitanda cha Haboba, umekazika, na ulikuwa unavutwa polepole.